Maneno Manne ya Kifungu cha Tisa

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Hali yako sikuulizi, maana utanijibu kurasa mbili juu ya goti, na safari hii kurasa zote mbili nazitaka kwa kazi nyingine. Ungekuwa bado unasikia simu ningekupigia leo hii hii. Lakini masikio yako yaliamua kustaafu kabla yako, basi nimeshika kalamu.

Chuo kimenipa somo jipya, afya ya mazingira, kwa wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu. Wako thelathini na mmoja. Miaka yote somo hilo limekuwa la kunawa mikono, kufunika maji na umbali wa choo kutoka kisimani, na mimi nilikuwa nimejiandaa hivyo hivyo. Halafu Jumanne nikawapeleka wodi ya watoto.

Kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu, kifua kimembana, mbavu unazihesabu anapovuta pumzi. Tukamvalisha barakoa ya dawa, akaanza kutulia mapajani kwa mama yake. Ilipofika saa nne asubuhi, nyuma ya ukuta wakawasha tanuri la taka. Wakati wako lilikuwa shimo la kuchomea bandeji. Siku hizi linachoma mifuko ya dripu, glavu, mabomba ya sindano, plastiki ya kila namna, na bomba lake la moshi limekatika nusu. Moshi ukaingia dirishani. Nikafunga madirisha, wodi ikawa tanuri la pili. Nikayafungua, mtoto akaanza kukohoa upya. Nikayafunga tena. Mama yake alikuwa ananitazama tu.

Kuna binti mmoja darasani, wenzake wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Akasema mbele ya kila mtu, "Mwalimu, humu ndani tunamtibu, kule nje tunamtia ugonjwa. Sasa sisi tuko upande gani?"

Nikamwambia abadilishe shuka.

Dada, nimeshindwa kulala na hilo swali. Hospitali ni mali ya baraza la mji. Wewe umekaa katika baraza hilo miaka ishirini na tisa ukiandika kila walichosema. Nifundishe niwafundishe: watu wa kawaida wanalifanyaje baraza lisikie? Wanafunzi wanataka kuandamana na mabango mwisho wa mwezi. Niwaachie?

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 12 Februari

Kitinda,

Marahaba. Goti linauma. Hilo limekwisha, tuendelee na ajenda.

Mabango yawekeni kwanza. Siku ya mabango madiwani huchungulia dirishani, wanasema "vijana hao," wanarudi kwenye chai. Nimewaona mara nyingi mno. Kitu kinachomkosesha diwani raha ni karatasi yenye mhuri wa mapokezi, kwa sababu hiyo karatasi siku moja mtu atauliza iko wapi.

Sasa waandikishe haya wanafunzi wako. Barua iwe ukurasa mmoja, diwani hageuzi karatasi. Juu kabisa kuna neno "Kuhusu," na baada yake jambo moja tu, si matatu. Nakala tatu: moja ya mwenyekiti, moja ya karani, ya tatu mnagongewa mhuri mnarudi nayo nyumbani. Asiyegongewa mhuri hakuandika. Ombeni kuzungumza katika kikao. Kanuni zinampa mwananchi dakika tatu, na karani anayo saa mezani, haoni haya kukukata katikati ya neno. Mimi niliwahi kumkata shehe.

Msiseme "moshi ni mbaya." Kila mtu anajua moshi ni mbaya, na kila mtu amekula chakula kilichopikwa kwa moshi. Semeni ni watoto wangapi, siku zipi. Na umemuuliza anayewasha tanuri? Bila shaka hujamuuliza. Nyie wasomi mnampita mtu kila siku mlangoni mnakwenda kumtafuta kwenye kitabu.

Asemaye asiwe wewe. Wewe ni mwajiriwa, watakumaliza kwa neno moja. Wasemaji wawe wanafunzi.

Kuna sheria ndogo ya mji inayohusu uchomaji taka. Hiyo iacheni. Shikeni habari ya watoto.

Dada yako


Tarehe 6 Machi

Dada,

Shikamoo, na goti lako lisubiri, maana kazi imeshika kasi.

Nilimwendea mchomaji taka kama ulivyosema. Mwanzoni alidhani tumekuja kumsema. Alikaa juu ya ndoo akiangalia chini, anakohoa kila maneno matatu. Redio akamuuliza, "Baba, na wewe kifua kimeanza lini?" Hapo ndipo alipoinua uso. Kumbe miaka sita hakuna aliyemuuliza. Akaingia kibandani akatoka na daftari. Kila anapowasha tanuri huandika tarehe na saa, na Mganga Mkuu, ambaye ndiye bosi wa hospitali na wa chuo chetu pia, hutia sahihi. Siku sitini zilizopita, tulizotaka kuzihesabu, zote zimo.

Wanafunzi walikaa na daftari hilo upande mmoja na rejista ya wodi upande wa pili. Niliwaacha wafanye wenyewe, nikajizuia hata kuwasahihishia jumla. Tanuri liliwaka siku ishirini na sita. Siku likiwaka, watoto wanaoletwa kwa kubanwa kifua ni saba kwa wastani. Siku lisipowaka ni watatu.

Somo la Alhamisi nimeligeuza kuwa baraza. Meza zimepangwa duara, mmoja mwenyekiti, mmoja karani mwenye saa, wengine madiwani. Nimewaagiza madiwani wawe wabaya kweli. Mmoja alisinzia, mmoja alicheza na simu, mmoja akadakia, "Na ule mtaro wa sokoni utazibuliwa lini?" Redio alisimama kuwasilisha, dakika tatu zikaisha yuko bado kwenye "wageni waalikwa, mabibi na mabwana." Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mara ya pili alifika kwenye tanuri. Mara ya tano alimaliza na sekunde kumi za ziada, akazitumia kulalamika kwamba tumemfanya bubu.

Si wote wanaofurahi. Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, sisi tumekuja kusomea uuguzi, si siasa." Nikamuuliza, mgonjwa wako akishikwa kiu na bomba la wodi limekauka, utafanyaje? Akasema nitamwendea anayehusika na bomba. Nikamwambia basi, na mwenye tanuri hili ni baraza. Alikubali nusu.

Ile sheria ndogo uliyosema tuiache, nimeisoma. Kifungu cha tisa kinakataza kabisa kuchoma plastiki karibu na makazi, shule au wagonjwa. Nilitaka kuruka kwa furaha. Halafu mwishoni kuna maneno manne: "isipokuwa taasisi za umma." Yaani fundi wa viatu haruhusiwi kuchoma soli moja, hospitali inaruhusiwa kuchoma gunia la plastiki dirishani kwa mtoto mgonjwa. Dada, wewe ulikuwepo. Nani alileta maneno hayo, na kwa nini?

Kitinda


Tarehe 15 Machi

Kitinda,

Barua imefika.

Kifungu ni kifungu. Baraza limepitisha sheria nyingi katika miaka yangu na siwezi kukumbuka nani alisema nini katika kila moja.

Naona ni vizuri msubiri kikao cha mwaka ujao. Wanafunzi watakuwa wamemaliza mitihani na hakuna atakayeumia. Takwimu zenu haziozi.

Mvua imeanza huku.

Dada yako


Tarehe 24 Machi

Dada,

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipo. Sikukuona.

Wewe unayekariri kwa moyo kila kitu changu tangu siku niliyozaliwa, hata rangi ya beseni nililoogeshewa, leo hukumbuki kifungu ulichokipiga chapa kwa mikono yako? Najua unachofanya. Unanionea huruma, unaogopa nitafukuzwa kazi, kwa hiyo unanipoza kama mtoto. Sijakuomba huruma, Dada. Nilikuomba ufundi.

Barua ya wanafunzi imepelekwa. Ukurasa mmoja, nakala tatu, mhuri upo. Jibu limekuja: hospitali ni taasisi ya umma, kifungu cha tisa kinairuhusu, suala limefungwa. Hata hivyo wamepewa dakika zao tatu katika kikao cha tarehe 30 Aprili, mwishoni kabisa, kwenye "mengineyo."

Hapa chuoni kila kitu kinaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Kitinda


Tarehe 2 Aprili

Kwako Mama Karani,

Shikamoo mama. Hunijui, lakini mimi nakujua sana, kila Alhamisi mwalimu alikuwa akitusomea vipande vya barua zako, kile cha kumkata shehe tuliomba akirudie. Mimi ndiye Redio. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha, naomba usimwambie mwalimu kwamba nimekuandikia, au mwambie, lakini baada ya kumaliza kusoma.

Mama, mambo si mazuri. Tarehe 16 Machi Mganga Mkuu alimpa mwalimu barua ya kumsimamisha kufundisha. Imeandikwa amechochea wanafunzi. Yeye hakutuambia, tuliona mlango wa ofisi yake umebadilishwa kufuli. Siku hizi anakaa nyumba ya wafanyakazi, na sisi tunakwenda kwake wanne wanne kama tunaokwenda kuazima chumvi, tunafanya mazoezi sebuleni. Kochi ni madiwani, kabati la vyombo ni mwenyekiti. Anacheka na sisi, lakini juzi niliingia ghafla nikamkuta amekaa na barua yako ile fupi mapajani, haisomi, ameishika tu.

Kesho yake ya kumsimamisha, Mganga Mkuu akaja darasani mwenyewe. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha: "Atakayetia sahihi barua ya baraza asishangae jina lake likikosekana kwenye orodha ya mtihani." Tulikuwa thelathini na mmoja. Tumetia sahihi ishirini na saba. Wanne wamekataa, na mimi nilitaka kuwasema, mwalimu akanizuia. Alisema, "Mmoja wao anasomeshwa na kijiji kizima, wewe unasomeshwa na baba yako. Uzani wenu si mmoja." Unaweza kuandika mahali kwamba siku hiyo nilinyamaza.

Mimi ndiye nitakayesimama. Mama yangu anafua nguo za watu ng'ambo ya ukuta wa hospitali, majivu yanatua juu ya mashuka meupe anayafua upya, kwa hiyo siogopi kusimama. Naogopa kitu kimoja. Wakiniambia kifungu kinawalinda, nijibu nini? Nimetafuta kila mahali. Kati ya dakika zangu tatu nimekuachia sekunde thelathini tupu kwa ajili ya jibu lako.

Wako mtiifu,
Redio


Tarehe 9 Aprili

Kitinda, mdogo wangu,

Kwanza: unasema kila kitu kinaendelea vizuri, na mlango wako umetiwa kufuli. Usimgombeze aliyeniambia. Ukimgombeza yeye itabidi unigombeze na mimi, na changu ni kikubwa zaidi. Kaa chini.

Siku ile sheria ilipopitishwa ninaikumbuka yote. Ilikuwa asubuhi ya joto, feni imekufa. Kifungu cha tisa kilisomwa kikaishia kwenye neno "wagonjwa." Nukta. Diwani wa kata ya saba, wakati ule kijana tu, akauliza, "Mheshimiwa, na hospitali yetu imo?" Mwenyekiti akajibu, "Imo." Wakapiga kura, ikapita. Niliandika kila neno kwa hati mkato katika daftari langu.

Siku tatu baadaye mwenyekiti akaja ofisini kwangu akafunga mlango. Sasa ni marehemu, simsemi kwa chuki. Alisema Mganga Mkuu wa wakati ule amelalamika, hospitali haina pengine pa kupeleka taka zake. Akasema, "Ongeza hapo mwishoni, isipokuwa taasisi za umma. Ni kusahau tu, kikao kilikuwa na joto." Nikamwambia halijapigiwa kura. Akacheka, akasema, "Karani ni wewe. Andika."

Nikapiga chapa, Kitinda. Maneno manne, kama nusu dakika ya taipureta. Kisha nikasawazisha na kumbukumbu za kikao zifanane. Nilijiambia ni shimo la bandeji tu, litamdhuru nani. Miezi miwili baadaye nikapandishwa kuwa karani mkuu. Baba alialika watu. Wewe ulivaa gauni la njano ukazunguka unamwambia kila mgeni, "Dada yangu ni mkubwa wa baraza." Hukujua. Hakuna aliyejua.

Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba sikumbuki, sikuwa nakuonea huruma. Nilikuwa najionea mwenyewe. Uliponiuliza nani alileta maneno hayo, nilizunguka nyumba siku tatu na barua yako nikitafuta namna ya kukujibu bila mimi kuwemo. Haipo.

Daftari za hati mkato ni zangu, hazikuwa mali ya ofisi, nilihama nazo. Jana nimefungua sanduku. Siku ile ipo, ukurasa wa arobaini na moja, na "Imo" yake ipo.

Nakuja. Mwambie huyo binti sekunde zake thelathini zimepata mwenyewe. Na kama baada ya haya hutaki kunipokea kituoni, nitaelewa, nitatafuta pa kulala.

Dada yako


Tarehe 14 Aprili

Dada,

Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikacheka kwa sababu ya "kaa chini," na sasa nimechoka. Gauni la njano nalikumbuka. Nitakuwa na hasira kidogo kwa muda, univumilie. Lakini nani amekwambia utafute pa kulala? Godoro lako nimeshalianika.

Na mimi nilidanganya. Nilitaka uendelee kudhani nimeweza.

Barua yako niliwasomea wanafunzi, baada ya kufikiri siku nzima, kwa sababu jambo ni lao. Niliwauliza kama walitaka kulitumia, maana linaweza kukuletea mashtaka. Walibishana vizuri, Dada, kila mmoja kwa zamu, kama watu wazima. Yule kijana wa "si siasa" ndiye aliyesema, "Tusianze na Mama Karani. Tukianza na yeye, kikao kizima kitakuwa cha kosa la karani, watoto watasahauliwa. Tuanze na watoto. Yeye awe jibu, asiwe hoja." Hilo sikumfundisha mimi.

Wakapiga kura, wakapitisha. Walikutumia ujumbe mmoja: ukiona Redio ameshika sikio lake la kushoto, ndipo usimame.

Njoo na sweta, ukumbi una viyoyozi siku hizi.

Kitinda


Tarehe 2 Mei

Dada yangu,

Umeondoka na basi la asubuhi kabla sijakueleza, na jana nyumba ilijaa watu hata kuandika kwenye ule ubao ninaokuandikia maneno haikuwezekana. Ulikaa kwenye viti vya wananchi ukaona yote, hukusikia lolote. Basi leo karani ni mimi. Haya ndiyo yaliyosemwa.

Wakati tunaingia ulinigusa mkono ukanionyesha mlangoni. Wale wanne ambao hawakutia sahihi walikuwa wamekuja, wamevaa sare, wamekaa nyuma kabisa. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, kukaa tu hakuhitaji sahihi."

"Mengineyo" ilifikiwa karibu na saa saba, nusu ya madiwani wanakusanya makaratasi. Redio akasimama. Hakusema "mabibi na mabwana." Alisema hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi ni wanafunzi wa uuguzi. Siku tanuri la hospitali likiwaka, tunapokea watoto saba waliobanwa kifua. Siku lisipowaka, tunapokea watatu. Tumehesabu siku sitini. Hao wanne wa katikati hawaletwi na Mungu, wanaletwa na bomba la moshi lililokatika."

Makaratasi yakaacha kukusanywa. Mganga Mkuu akaomba nafasi, akasema vijana wametia chumvi, tanuri huwaka mara moja au mbili kwa wiki. Ndipo ulipomwona mchomaji ameinuka na daftari juu. Mwenyekiti akamwambia hana ruhusa. Akasema, "Sisemi, Mheshimiwa, nasoma tu. Mwezi wa pili niliwasha mara kumi na tatu. Na sahihi zote kumi na tatu ni za Daktari mwenyewe." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Hicho ndicho kicheko ulichoniuliza kwa macho.

Mganga Mkuu alikuwa mwekundu wa macho. Akasema, "Hata kama ni kila siku, kifungu cha tisa kinaruhusu." Akakisoma. Alipofika kwenye yale maneno manne aliyasema polepole, moja moja, kama anagonga misumari.

Redio akajibu, "Kabla hamjakitumia kifungu hicho, tunaomba baraza lisikie kilivyopitishwa. Aliyeandika kikao kile yupo humu." Akashika sikio.

Ukasimama. Na hapa, Dada, ndipo usipojua kilichotokea. Ulipofungua daftari tu, Mwenyekiti akasema, "Mama, kaa chini, huna nafasi kwenye ajenda." Wewe ukaanza kusoma. Akasema tena kwa nguvu, "Mama, kaa chini!" Ukasoma tarehe. Akagonga nyundo. Ukasoma majina ya waliohudhuria. Akagonga mara tatu nne, askari wa ukumbi akaanza kuja, na sauti yako ile iliyonyooka inaendelea tu, haipandi haishuki, "Kifungu cha tisa, kikasomwa, kikaishia kwenye neno wagonjwa." Askari alifika kwako akasimama. Nadhani hakujua anamkamataje mtu anayesoma.

Ukafika kwenye "Diwani wa kata ya saba akauliza: na hospitali yetu imo?" na hapo sauti nyingine ikasikika mbele. Yule mzee mwenye miwani mizito ndiye diwani wa kata ya saba, bado yupo. Alikuwa amesimama bila kuomba ruhusa. Alisema, "Na nikajibiwa, imo. Nakumbuka! Miaka yote hii nikiona yale maneno nadhani ni uzee wangu."

Ukasoma, "Mwenyekiti akajibu: imo."

Kisha ukafunga daftari ukasema lile ambalo hatukupanga, "Maneno manne yaliyozidi niliyaongeza mimi. Nilijua hayakupigiwa kura." Ukakaa.

Halafu diwani mmoja mwanamke, yule wa kitambaa cha kijani, akauliza, "Kuna mwanafunzi hapa aliyetishiwa mtihani kwa sababu ya barua hii?" Redio akatazama nyuma. Na walioinuka wa kwanza walikuwa wale wanne.

Kura mwenyewe umeiona. Ishirini na mbili kwa tatu. Kifungu kinarudi kwenye nukta yake. Tanuri linazimwa ndani ya siku saba, taka zitapelekwa kwenye hospitali yenye mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke mpaka yetu inunuliwe. Hakuna jina litakaloondolewa kwenye mtihani. Na mimi leo nimerudishiwa ufunguo wa ofisi, na fundi aliyebadilisha kufuli akaniomba radhi kana kwamba ni yeye aliyenisimamisha.

Nje wanafunzi walimbeba Redio juu juu. Akapaza sauti, "Nilibakiwa na sekunde ishirini!"

Hasira yangu sijui imekwenda wapi. Nimeitafuta leo asubuhi nikaikosa.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 21 Mei

Kitinda,

Kumbukumbu zako nimezisoma na kuzithibitisha kuwa ni sahihi, isipokuwa mahali pamoja. Unaandika kwamba sikujua. Mdogo wangu, mimi ni kiziwi, si kipofu. Nyundo niliiona. Midomo ya Mwenyekiti niliisoma vizuri sana, miaka ishirini na tisa nimeisoma midomo ya wenyeviti. Na yule askari alinipumulia shingoni. Lakini kuna mara moja katika maisha niliambiwa andika nikaandika. Safari hii niliambiwa kaa, na nikaona masikio yangu yananipa udhuru mzuri kabisa.

Baraza limeniita kwa barua nikaandika maelezo, kurasa sita, sikuficha kitu. Wamenijibu kwa barua ya karipio. Imeandikwa vizuri, nimesahihisha herufi mbili tu. Karani mpya ameambatisha barua nyingine, yake binafsi, ananiomba zile daftari zote zikahifadhiwe kwenye maktaba ya mji ili mtu yeyote aje azisome. Nimekubali. Kuzisoma itakuwa kazi ngumu, hakuna anayejua hati mkato, itabidi nimfundishe mtu.

Huyo Redio ameniandikia kurasa kumi na moja. Mtihani wa kwanza anasema ulikuwa mwepesi. Anasema pia mama yake ameanika mashuka Jumatano nzima yakakauka meupe, na akaenda kumwita jirani aje aone mashuka, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Sasa sikiliza jambo langu. Hapa kwetu kuna chuo kidogo cha wakunga, unakijua, kile cha bati la kijani. Mkuu wake alisikia habari za mji wenu, akaja mpaka mlangoni kwangu na ubao wa kuandikia mkononi, mtu mwenye adabu. Visima vya upande wao vimeanza kutoa ladha ya dawa za mashamba makubwa ya juu, na wajawazito wanaharibu mimba. Wanafunzi wake wanajua kupima shinikizo la damu, hawajui barua inaanzaje. Wanakuja Jumanne, kumi na wanne. Nimeazima mabenchi ya jirani, nimenunua wino wa mhuri, na nimemwambia mkuu wao aje na mtu anayechota maji kila siku, kwa sababu huyo ndiye mwalimu wa kwanza, mimi ni wa pili.

Tangu asubuhi napanga viti. Goti limejitahidi.

Dada yako